Nililamba Kila Kikombe

Kama ndiyo kwanza unanisoma leo, vuta kiti nikuoneshe kikombe changu. Kina doti nyekundu chini ya mkono wake, ya rangi ya kucha. Sahani yangu ina doti, kijiko changu kina doti, hata beseni ninalofulia lina doti. Aliyepaka ni mama mkwe wangu, na wala hakujificha. Alikaa uani mchana kweupe, kachupa mkononi, anapaka na kupuliza zikauke, huku mimi nikipita na ndoo ya maji yake ya kuoga.

Nilishakueleza nilivyopima nikiwa mjamzito nikakutwa na virusi vya UKIMWI. Nilivipata kwa mume wangu wa kwanza, marehemu, aliyeondoka duniani bila kunitamkia neno. Mume wangu wa sasa alipima, akakutwa salama, na hakunifukuza. Yeye akapewa vidonge vya kujikinga, mimi nikaanza vya kutibu, kondomu tukatumia kama tulivyoelekezwa, na maisha yakaendelea. Kisha akarudi kambini kwao, anakoendesha katapila la kuchonga barabara, akaniacha na mama yake na mdogo wake wa kike.

Niliishia pale nilipoapa kulipiza. Leo nakwambia nililipizaje, na nakuomba usinikatize.

Mimi ndiye mkwe, basi vyombo vya nyumba nzima naosha mimi. Hapo ndipo akili zao zilipogota. Mezani wananinyima kikombe chao, jikoni wananikabidhi vyote.

Kila asubuhi, nikishasuuza na kabla sijapanga kabatini, nilivilamba. Kimoja baada ya kingine, ukingo mzima. Cha mama mkwe nilikilamba mara mbili. Huyo nimempa jina la Mkaguzi, kwa jinsi anavyoinua kila sufuria kwenye mwanga kutafuta kosa langu. Cha wifi yangu nilikitemea mate kabisa, nikayasambaza kwa kidole. Yeye ndiye aliyenitangaza bombani, mpaka wanawake wakaanza kusogeza ndoo zao nikifika.

Halafu nakaa sebuleni na kikombe changu chenye doti, namtazama Mkaguzi akifyonza chai yake taratibu, na roho yangu inatulia tuli.

Nilitaka waugue. Silipambi jambo hili. Nilitaka siku moja Mkaguzi akae kwenye lile benchi la kliniki, ashike kadi kama yangu, aone inavyokuwa mtu akikuhurumia huku anarudi nyuma.

Siku ya kliniki ikafika nikampeleka binti yangu, Chiriku. Tulimpa jina hilo kwa sababu tangu alipofumbua macho hajanyamaza, anabwabwaja peke yake mpaka usingizi umchukue. Kipimo chake cha kwanza kilikuwa safi. Muuguzi wetu ni mwanamke mnene asiye na haraka, sote tunamwita Dada Nesi. Alimweka Chiriku kwenye mizani, akaridhika, akaniuliza habari za nyumbani.

Mimi nikaona nimepata mtaalamu wa kunijibu. Nikamuuliza, mtu akinywea kikombe chenye mate yangu, anaanza kuugua baada ya muda gani?

"Kuugua nini? Mafua?"

"Dada Nesi, unanielewa."

Aliniangalia. "Umefanya nini wewe?"

Nikamweleza yote, vikombe na mate. Nilijiandaa kufokewa. Yeye alicheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa gauni lake la kazi.

"Mama Chiriku, utalamba vikombe mpaka ulimi uote sugu, na hakuna utakayemwambukiza. Mate hayapitishi virusi hivi. Kikombe, kijiko, choo, jasho, kushikana mikono, hakuna. Vinapita kwenye damu. Vinapita kwenye majimaji ya tendo la ndoa. Vinapita kwa mama kwenda kwa mtoto, kwenye mimba, wakati wa kujifungua na kwenye maziwa. Na hata huko, wewe dawa unameza sawasawa, kipimo chako cha mwisho virusi havikuonekana kabisa. Huna unachoweza kumpa Mkaguzi wako."

Kisha akaacha kucheka. "Ila ulikuwa umenuia. Hilo mimi sina dawa yake."

Niliinuka na hasira kuliko aibu. Asubuhi zote zile nameza ladha ya sabuni, kumbe nilikuwa nawasafishia vikombe mara ya pili.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni, Dada Nesi akanirudisha. Akanikumbusha kwamba Chiriku anatakiwa maziwa yangu tu mpaka atimize miezi sita, si maji, si uji, si maziwa ya ng'ombe, kwa sababu vitu hivyo vinaukwaruza utumbo mchanga na kuwarahisishia virusi njia. Nikamwambia sina wasiwasi, isipokuwa siku hizi nikirudi kutoka kazini mtoto analikataa titi.

"Mchana anakula nini?"

Nikamweleza. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule kwenye chumba kilicho mbele ya stendi. Asubuhi nakamua maziwa, namwachia mama mkwe kwenye kikombe chenye mfuniko. Nikirudi nakikuta kitupu.

"Kitupu si kusema mtoto ndiye aliyekunywa," alisema. "Nenda nyumbani saa ambayo hawakutegemei."

Maneno hayo yalininyima raha. Kesho yake niliacha sketi ya mtu kwenye cherehani, sindano ikiwa bado ndani ya kitambaa, nikaenda.

Niliingilia mlango wa uani. Kitu cha kwanza nilichokiona ni maziwa yangu. Yalikuwa yamemwagwa kwenye mfereji wa maji machafu, meupe, hayajamaliza hata kuteremka. Nikasimama pale nikiyaangalia. Ndani nilisikia Chiriku akiguna, ule mguno wake wa kushiba.

Nikafungua pazia. Wifi yangu alikuwa amekaa kitandani, kifua wazi, na mwanangu yuko kwenye titi lake. Mtoto wake mwenyewe, Bonge, ambaye alishaanza kutembea lakini hajaachishwa ziwa, amelala pembeni. Mkaguzi alikuwa akiwapepea wote watatu kwa kipande cha boksi.

Wifi alishtuka. Mkaguzi hakushtuka hata kidogo.

"Afadhali umejionea," alisema. "Mjukuu wangu hanyonyi sumu. Wewe kamua, usikamue, yote naenda kumwaga."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu ulipoanza tena kwenda kazini. Na unaona alivyonawiri? Hayo si maziwa yako."

Nilimchukua mwanangu. Alilia, akageuza shingo kumtafuta wifi, na hilo liliniuma kuliko doti zote za nyumba ile. Nikamuuliza wifi jambo moja tu, kwa sauti ya chini. Alipima lini?

Mkaguzi akamjibia. Binti yake alipima akiwa na mimba ya Bonge, akatoka safi, na cheti kipo. Alilisema hilo kwa maringo, kana kwamba ni shahada ya chuo.

"Na baada ya kujifungua, wifi, uliendelea kulala na mumeo?"

"Usimuulize mwanangu mambo ya kitandani," alisema Mkaguzi.

Wifi alifunga vifungo vya blauzi akavikosea, akavifungua, akavifunga tena. Mume wake namfahamu. Mitumba anaiuza kila mji, na kila mji ana mlango anaofunguliwa bila kubisha hodi. Wifi aliishi naye hivyo hivyo, ananyonyesha na kuvumilia, mpaka siku alipokutana na mwanamke mwingine amevaa kanga ya wifi mwenyewe. Ndipo akarudi kwao na Bonge mgongoni.

Pale pale, nikiwa na mwanangu kifuani, viliniingia vitu viwili, hofu na furaha. Sitakwambia kipi kilitangulia.

Nilimvuta wifi jikoni, nikamtolea uvivu. Nikamwambia kesho tunaongozana kliniki, ama sivyo leo hii nampigia kaka yake simu nimwambie mwanawe ananyonya wapi.

"Nitakuja," alisema. "Nije nikuzibe mdomo mbele ya huyo nesi wako."

Usidhani nilimpeleka kwa wema. Ningeweza kumsihi, ningeweza kumweleza kwa upole nilichokuwa nakihofia. Mimi nilitaka atetemeke. Nilitaka akae kwenye benchi langu.

Tukamuaga Mkaguzi kwamba tunapeleka watoto chanjo. Wifi alivaa gauni lake la sherehe na kupaka wanja. Njia nzima alitembea mbele yangu kidogo, watu wasije wakadhani tuko pamoja. Kliniki akaingia chumbani kidevu juu, Bonge mkononi.

Mimi nikabaki nje na sentensi yangu. Nilikuwa nimeiandaa tangu alfajiri, nimeipiga pasi kabisa. Akitoka analia ningemuuliza: Wifi, wewe doti yako ungependa ya rangi gani?

Alikaa mle ndani muda mrefu. Nilisikia Dada Nesi akifungua kabati, akalifunga, akalifungua tena. Kisha mlango ukafunguka kidogo, nikaitwa niingie na mtoto.

Wifi alikuwa amekaa, wanja umeshuka mpaka mashavuni. Bonge alikuwa sakafuni anachezea kifuniko cha kalamu.

"Nimemruhusu akwambie," alisema wifi. Hakunitazama.

Dada Nesi akasema walipima, wakarudia kwa kipimo cha pili na cha tatu, na majibu ni yale yale. Alizungumza bila kupandisha sauti. Kile cheti cha zamani kilieleza habari za siku ile tu. Wifi aliendelea kuwa na mumewe bila kinga, mume hakuwahi kupima, na yeye hakupima tena. Mtu akiambukizwa akiwa ananyonyesha, virusi vinajaa mwilini kwa wingi, dawa bado hajaanza, na maziwa yake ndiyo yanakuwa ya hatari zaidi.

Nilielewa polepole, kwa sababu nilikuwa sitaki. Kifuani kwangu, mimi mwenye doti, mwanangu alikuwa amekingwa. Wakamtoa hapo wakampeleka kwenye hatari yenyewe, wakimpepea.

Sentensi yangu ilikuwa mdomoni. Niliiuma mpaka ikapita.

"Bonge je?" wifi aliuliza. Hilo tu.

Watoto wote wawili walitobolewa kisigino, damu ikadondoshwa kwenye karatasi za maabara, visigino vikabandikwa plasta. Bonge alipiga kelele. Chiriku alishangaa tu, kisha midomo ikaanza kumcheza. Majibu, tuliambiwa, yatachukua siku kadhaa na lazima tuyasubiri. Wifi akapewa dawa aanze leo leo. Mimi nikapewa chupa ya dawa ya maji ya kumkinga Chiriku, anywe kila siku bila kuruka, anyonye kwangu tu, na asipewe tena kwa mtu yeyote.

"Kwa mtu yeyote," alirudia Dada Nesi, akinitazama mimi, halafu wifi.

Njiani tulitembea sambamba. Wifi aliniomba nisimwambie mama yake, atamwambia mwenyewe akipata nguvu. Aliniomba mara ya kwanza nikanyamaza. Akaniomba tena. Sikuwa nimeamua kusema wala kutosema. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka aendelee kuomba, na ilikuwa tamu kuliko nilivyotegemea.

Tulipofika, buti za mume wangu zilikuwa mlangoni, zimejaa udongo mwekundu wa barabarani. Alikuwa amepewa mapumziko, amekuja bila kuarifu. Akamchukua Chiriku mikononi mwangu, akamrusha kidogo, akamwambia amekuwa mzito kama gurudumu. Nilitaka kumvuta chumbani nimwambie yote. Mkaguzi akawahi, akasema chai iko mezani, tukae tunywe kama watu.

Tukakaa. Vikombe vilikuwa vimepangwa, changu kimetengwa mwisho wa meza. Wifi alinyoosha mkono akavipita vyote, akachukua changu. Akajimiminia chai.

"Hicho si chako," alisema Mkaguzi.

Wifi akanywa. Chai nyingine ikamwagikia gauni la sherehe.

"Kiache hicho. Huoni doti?"

"Naiona, mama." Akakiweka chini. "Nimepima leo. Na mimi ninavyo."

Nilimtazama Mkaguzi usoni, kwa sababu hiki ndicho nilichokuwa nakililia tangu siku ile ya kachupa uani. Nilisubiri aanguke. Hakuanguka. Alinigeukia mimi, taratibu, na macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Umemuua mwanangu," alisema. "Nilikuona. Dirishani, ukilamba vikombe. Nikajisemea labda macho yangu ya uzee. Kumbe nilikuona kweli."

Mume wangu alinitazama. "Anasema nini mama?"

"Muulize mkeo alikuwa anafanya nini na vikombe vyetu."

"Ni kweli?" akaniuliza.

Ningedanganya, angeniamini. Alikuwa ananiangalia vile anavyoniangalia siku zote, akingoja niseme hapana ili aweze kunitetea. Lakini Mkaguzi aliniona, na mimi nilivilamba.

"Nililamba," nilisema. "Lakini mate hayaambukizi. Muulize nesi, waliokuelekeza vidonge watakwambia vile vile, kikombe hakiwezi..."

"Ulikuwa unajua hivyo ulipokuwa unalamba?"

Swali lile ndilo lililonimaliza. Nikatazama vikombe mezani, na hilo lilitosha kumjibu. Uso wake ulifunga, nikaona nimemkosa mtu pekee aliyekuwa upande wangu katika nyumba ile.

Akamgeukia mdogo wake. Akamuuliza kwa upole, jinsi anavyomuuliza tangu wakiwa wadogo, ameyapatia wapi haya.

Wifi alikuwa anajua. Dada Nesi alimweleza neno kwa neno, mume, titi na cheti cha zamani. Alinitazama. Nilimtazama na mimi, na nikasubiri, kwa sababu njia nzima aliniomba nimfichie siri na sikuwa nimeitoa. Kisha akamtazama mama yake.

"Kwake," alisema. "Kwenye vikombe."

Mkaguzi aliinuka akamchukua Chiriku kutoka kwa baba yake, akamkumbatia kifuani. Akasema nikusanye vitu vyangu niondoke kabla giza halijaingia, na mtoto habanduki hapa. Akamwambia mwanawe asihangaike, mtoto hatakosa maziwa, tangu mwanzo yeye alishalipanga hilo.

Chupa ya dawa ya Chiriku ilikuwa kwenye mkoba wangu, kwenye goti langu. Nikiondoka bila mtoto, dawa hatanywa. Na tangu mchana titi la wifi lilikuwa limejaa.

Nilisimama. Nilishangaa sauti yangu ilivyotoka imetulia.

"Nitaondoka, mama. Ila kabla sijatoka, mwambie mwanao ni nani amekuwa akimnyonyesha Chiriku mchana."

Mkaguzi alifungua mdomo kujibu, kwa maringo yale yale. Macho yake yaliniacha, yakaenda kwa binti yake, yakateremka mpaka kwenye vifungo vya gauni, kisha yakarudi kwa mtoto aliyembeba. Niliona likimwingia. Niliona lilivyofika chini kabisa, na sikumwonea huruma.

"Nani?" mume wangu aliuliza.

Akamtazama mama yake, akamtazama mdogo wake, akanitazama mimi. Akanyoosha mkono kumchukua mwanawe, na hapo ndipo alipoushika mguu wa Chiriku.

"Na hii plasta kisiginoni," alisema, "ya nini?"